Shahada ya Nchi Tatu: Akirudi Atakuwa Nani?

Jioni moja baada ya sala ya alasiri, mama mmoja jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, alinijia barazani na karatasi mkononi. Nilimkaribisha kahawa, akakataa. Nilimkaribisha kiti, akakaa ukingoni kama mtu aliye na haraka.

"Mwalimu," akaniambia, "nisomee barua hii pole pole, halafu uniambie kama nicheke au nilie."

Barua ilikuwa ya binti yake. Msichana huyo amemaliza shahada ya kwanza katika mambo ya bahari, na sasa amepata nafasi na msaada wa masomo kwa shahada ya pili. Atasoma habari za mikoko na viumbe vya pwani. Hadi hapo mama alikuwa radhi. Lililomkosesha usingizi ni jambo moja: masomo yenyewe ni ya miaka 2, lakini hayasomwi mahali pamoja. Muhula huu ni nchi hii, muhula ujao nchi nyingine, na wa mwisho nchi ya tatu.

"Mtoto akienda Misri kusoma dini," alisema mama, "tunajua atarudi shekhe. Akienda Bara Hindi kusoma udaktari, tunajua atarudi daktari. Huyu wangu wa nchi tatu, akirudi atakuwa nani?"

Ndugu msomaji, nilipekua maneno kinywani nisipate la kumjibu papo hapo. Nilimwomba siku chache. Haya ninayoyaandika leo ni jibu lake, na pia ni jibu kwa wazazi wengine ambao watoto wao wanaletewa barua kama ile.

MPANGO WENYEWE

Kwanza tuujue mpango huu, maana mtu huogopa zaidi asichokijua. Unaitwa Erasmus Mundus, nao ni wa Umoja wa Ulaya. Ulianza mwaka 2004. Kabla yake, tangu 1987, kulikuwa na mpango uitwao Erasmus wa kubadilishana wanafunzi baina ya vyuo vya Ulaya wenyewe kwa wenyewe. Jina ni la mwanachuoni wa Uholanzi, Erasmus wa Rotterdam, aliyesoma Paris, akapata udaktari wake Turin mwaka 1506, akafundisha Cambridge, na akafa Basel mwaka 1536. Neno Mundus ni la Kilatini, maana yake dunia. Yaani mlango uliokuwa wa Wazungu peke yao ukafunguliwa kwa ulimwengu.

Utaratibu wake ni kwamba vyuo visivyopungua vitatu, kutoka nchi tatu mbali mbali, huungana na kutunga mafunzo mamoja. Mwanafunzi hulazimika kusoma katika nchi zisizopungua mbili, na nchi hizo zisiwe ile anayotoka. Masomo hupimwa kwa alama za Ulaya. Mwaka mmoja ni alama 60, na kila alama ni kazi ya saa 25 hadi 30. Basi mwenye kusoma miaka 2 ana alama 120, ambazo ni saa 3,000 na zaidi za darasani, maktabani na maabarani. Si matembezi, kama wanavyodhani baadhi ya watu.

Anayepata msaada halipi karo. Tangu 2021 hupewa euro 1,400 kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa hesabu ya siku hizi hizo ni kama laki mbili za Kenya. Usistaajabu mapema, msomaji. Humo ndimo inamotoka tikiti ya ndege, viza, kodi ya chumba, chakula, na nauli ya kuhama nchi hadi nchi. Kodi ya chumba katika miji mikubwa ya Ulaya ni kitu cha kumtoa mtu machozi.

Mafunzo yenyewe ni ya namna nyingi. Kuna ya uandishi wa habari, ambayo mwaka wa kwanza husomwa Aarhus nchini Denmark, na mwaka wa pili mwanafunzi huhamia mji kama Amsterdam au Prague kufuatana na tawi alilolichagua. Kuna yaliyopata kuendeshwa kwa jina la TropiMundo, yakiongozwa na chuo cha Université libre de Bruxelles huko Ubelgiji, ambayo hufundisha misitu ya nchi za joto, mikoko ikiwemo. Kwa hiyo binti yetu hakuzua jambo.

SI GENI KWETU

Nilipofika hapo nilijiuliza: hivi kusoma nchi nyingi ni kitu kipya kwa watu wa pwani? La, hasha. Sisi ndio wenyewe.

Shekhe Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu mwaka 1860. Hakutosheka na elimu ya Lamu. Alikwenda Maka, alikwenda Hadhramaut, kisha akaweka chuo chake Unguja. Mwenzake, Sayyid Ahmad bin Sumayt, alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akatafuta elimu Hadhramaut, Maka, Misri na hata Istanbul, akawa kadhi Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Na kutoka Mombasa, Shekhe al-Amin bin Ali Mazrui alivuka kwenda Unguja akakaa chini ya mashekhe hao. Matunda yake tunayajua: alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la al-Islah mwaka 1932, na kutoka 1937 hadi alipofariki 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Hebu tutazame elimu hiyo ilivyokuwa. Mwanafunzi hakuulizwa, "Umesoma chuo gani?" Aliulizwa, "Umesoma kwa nani?" Hati yake ilikuwa ijaza, ruhusa ya mwalimu yenye jina la mwalimu. Mwenye ijaza tano kutoka miji mitano aliheshimiwa kuliko mwenye moja, kwa kuwa kila shekhe alikuwa na fani yake: huyu fiqhi, yule nahau, yule falaki. Mtu alikusanya kama nyuki anavyokusanya.

Shahada hii ya nchi tatu, ukiivua koti lake la Kizungu, ni ile ile talaba ya elimu ya wazee wetu. Chuo kimoja kina mabingwa wa ramani zinazochorwa kutoka angani, kingine kina mabingwa wa samaki, cha tatu kina msitu wenyewe mlangoni. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Vyuo vitatu ni mafiga matatu.

Ila iko tofauti moja, nayo ndiyo kiini cha swali la mama. Shekhe aliporudi na ijaza zake, msikiti ulikuwa ukimngoja. Darasa lilikuwepo, wanafunzi walikuwepo, na watu walijua thamani ya alichokileta. Je, huyu binti akirudi na shahada yake, ni nani anayemngoja?

FAIDA ZAKE KAZINI

Tuanze na faida, maana zipo, na ni kubwa.

Ya kwanza ni elimu yenyewe. Mwenye kusoma mahali pamoja huona jambo kwa jicho la walimu wa pale. Aliyehama husikia mwalimu wa nchi hii akisema hivi, na wa nchi ile akisema kinyume chake, na yeye analazimika kupima. Uzoefu huo wa kupima ndio anaoutaka kila tajiri wa kazi, ingawa hauandikwi katika hati.

Ya pili ni watu. Katika darasa moja kuna Mbangladeshi, Mbrazili, Muethiopia, Mvietnamu na Mhispania. Wanahama pamoja, wanapika pamoja, wanaugua baridi pamoja. Baada ya miaka 10 mmoja yuko wizarani, mmoja ni mwalimu wa chuo kikuu, mwingine yuko Umoja wa Mataifa. Kazi za siku hizi, hasa za utafiti na za mashirika makubwa, hutembea kwa njia ya kujuana. Si kujuana kwa hongo nisemako. Ni kule kuambiwa, "Mtu huyu nilifanya naye kazi, namjua."

Ya tatu ni moyo. Mtu aliyetafuta chumba katika miji mitatu, akafungua hesabu ya benki kwa lugha asiyoijua, akapotea njia usiku katika theluji na akafika nyumbani, hatishiki tena na mkuu wa ofisi mwenye sauti kubwa. Mtembezi hula miguu yake, na katika kula huko hukomaa.

Ya nne ni mlango wa udaktari wa falsafa. Maprofesa watatu wa nchi tatu wakimjua mwanafunzi, ana milango mitatu ya kubisha.

HASARA ZAKE

Na sasa tuseme na upande wa pili, kwa sababu mshauri mwaminifu hafichi.

Kwanza, mshika mbili moja humponyoka. Kukaa miezi mitano mahali halafu kuondoka ni kuondoka wakati mtu ndiyo kwanza anaanza kujulikana. Mwalimu akitakiwa barua ya kumsifu, hukumbuka sura tu. Wapo wanaomaliza wakiwa na marafiki mabara yote, lakini hawana mji hata mmoja ambao waajiri wake wanawajua.

Pili ni hati. Vikundi vingine vya vyuo hutoa hati moja yenye mihuri ya vyuo vyote. Vingine hutoa hati mbili au tatu mbali mbali. Huku kwetu hati ya nje lazima itambuliwe na kusawazishwa na mamlaka ya serikali kabla ya mtu kuandikwa kazi ya umma. Karani aliyezoea hati ya chuo kimoja hupigwa na bumbuazi akiletewa ya vyuo vitatu.

Nilimshuhudia kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyerudi na hati ya namna hiyo. Katika ofisi moja aliulizwa, "Lakini wewe hasa ulihitimu wapi?" Akajibu, "Kote kutatu." Mwulizaji akaona anafanyiwa mzaha. Kijana alizunguka karibu mwaka mzima na bahasha yake kabla ya kupata kazi, na alipoipata ilikuwa ya mkataba wa miezi 18, yenye fedha za wafadhili.

Na hilo ndilo jambo la tatu. Shahada hizi humwelekeza mtu katika kazi za miradi. Mradi una mwanzo na una mwisho. Mshahara ni mzuri, ila kila baada ya miaka miwili mtu anaanza tena kuandika barua za maombi. Aliyebaki nyumbani akaandikwa na serikali, ijapokuwa mshahara wake ni haba, ana pensheni yake na anajenga chumba kimoja kimoja. Si haki kumficha kijana hesabu hiyo.

Nne ni kutorudi. Tangu 2016 iko sheria ya Umoja wa Ulaya inayompa mwanafunzi mgeni aliyemaliza masomo muda usiopungua miezi 9 wa kutafuta kazi au kuanzisha biashara huko huko, isipokuwa katika nchi chache, kama Denmark na Ireland, ambazo hazikufungwa na sheria hiyo. Miezi 9 si michache. Ndiyo muda wa mtoto tumboni. Anayeingia katika miezi hiyo akiwa mgeni huweza kutoka akiwa mkaazi.

MFANO WA MAREHEMU MAZRUI

Hapo kwenye kutorudi naomba tusimame kidogo, tumtazame mtoto wa Mombasa anayejulikana ulimwengu mzima. Marehemu Profesa Ali Mazrui, mwana wa yule Shekhe al-Amin niliyemtaja, alizaliwa mwaka 1933. Shahada ya kwanza aliipata Manchester, Uingereza, mwaka 1960. Ya pili aliipata Columbia, New York, mwaka 1961. Ya udaktari aliipata Oxford mwaka 1966. Miji mitatu, nchi mbili, kabla Erasmus Mundus haijaota hata jina.

Alirudi Afrika Mashariki akafundisha Makerere tangu 1963 hadi 1973. Utawala wa Idi Amin ulipokuwa hauvumiliki kwa watu wa fikra, aliondoka, na sehemu kubwa ya kazi yake iliyobaki akaifanyia Marekani, katika vyuo vya Michigan na Binghamton. Mwaka 1986 alitoa mfululizo wa filamu za televisheni juu ya urithi wa namna tatu wa Waafrika: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Ni nani angeweza kutunga fikra hiyo ila mtu aliyeishi pote patatu?

Mtu atasema Kenya ilimpoteza. Mwingine atasema Kenya ilimtuma. Nionavyo mimi yote mawili ni kweli. Alikuwa mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kuanzia 2003, na alipofariki mwaka 2014 alirejeshwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Wamazrui, karibu na Ngome ya Yesu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini nafasi ya kumsikiliza darasani kila siku waliipata zaidi watoto wa watu wengine.

Tusiwalaumu wanaobaki ughaibuni mpaka tujiulize tumewawekea nini huku.

TULIKUWA NA YETU

Wazee wa umri wangu na walionizidi watakumbuka kwamba hata sisi tulikuwa na shahada ya nchi tatu. Kutoka 1963 hadi 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, mkuu wake akiwa Mwalimu Julius Nyerere. Mwenye kutaka uganga alikwenda Makerere, mwenye kutaka uhandisi Nairobi, na mwenye kutaka sheria Dar es Salaam. Mkenya Willy Mutunga alisomea sheria Dar es Salaam, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya. Yoweri Museveni wa Uganda naye alisoma huko huko kutoka 1967 hadi 1970.

Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikachukua kipande chake. Tulipata vyuo vingi, tukapoteza mazoea ya watoto wetu kusoma pamoja. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili masomo ya nchi moja yakubalike katika nyingine. Umoja wa Afrika nao ulianzisha Chuo Kikuu cha Afrika Nzima mwaka 2011, na tawi lake la sayansi na teknolojia liko hapa kwetu Juja. Mbegu zipo. Zinataka maji.

Nasema hivi kwa sababu si lazima njia ya nchi nyingi ipitie Brussels. Mikoko ya Lamu, ya Gazi, ya Rufiji na ya Msumbiji ni shamba moja. Kwa nini mtoto asisome muhula mmoja Mombasa, wa pili Unguja na wa tatu Maputo? Siku hiyo ikifika, karani wetu hatauliza tena, "Ulihitimu wapi hasa?"

JIBU LANGU KWA MAMA

Baada ya siku nne nilimwendea mama yule nyumbani kwake. Binti naye alikuwepo, ameketi kwenye mkeka, kimya kama watoto waliofunzwa adabu, lakini macho yanauliza.

Juu ya mambo ya dini na ya mtoto wa kike kusafiri, niliwaambia hayo si yangu. Wana baba, wana wajomba, wana mashekhe wa kuwauliza. Nilichoweza kusema ni kwamba miji mikubwa ya Ulaya ina misikiti na nyama ya halali, na kwamba mwezi wa Juni huko kaskazini Isha huingia karibu na usiku wa manane, kwa hivyo ajizoeze.

Juu ya kazi niliwapa mambo manne, nami nayarudia hapa kwa faida ya wasomaji.

La kwanza, asiende mikono mitupu. Aende na swali la nyumbani. Kule Gazi, wilaya ya Kwale ya zamani, tangu 2013 wanakijiji wana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanahifadhi hekta 117 za mikoko, na hewa chafu inayomezwa na miti hiyo wanaiuza kama haki katika soko la dunia, fedha zikanunua vitabu vya shule na kuleta maji. Ni mradi wa kwanza wa namna yake duniani. Basi na aandike tasnifu yake juu ya matope ya kwao. Vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kufanya utafiti nje ya Ulaya, na akifanya hivyo atarudi akiwa tayari anajulikana na wenyeji na watafiti wa hapa.

La pili, kabla ya kutia sahihi aulize hati itakuwa moja au tatu, na atunze ile karatasi ya maelezo ya masomo inayofuatana na hati. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea mbele ya karani.

La tatu, katika kila mji achague mwalimu mmoja ajulikane naye vizuri. Mmoja anatosha. Wazee wetu walirudi na majina ya mashekhe wao. Naye arudi na majina matatu.

La nne, asikate mawasiliano na nyumbani. Awaandikie walimu wake wa Kenya na ofisi za utafiti wa bahari hapa Mombasa. Mtu huajiriwa mahali anapokumbukwa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tena lile lile: "Basi akirudi, atakuwa nani?"

Nikamwambia, "Dada, atakuwa mwanao, mwenye kujua mikoko kuliko sisi sote. Kama atapata kazi ya kufanya na ujuzi huo, hilo halimo mikononi mwake peke yake. Limo mikononi mwa serikali ya kaunti, mwa vyuo vyetu, na mwa matajiri wetu. Wakimpa pa kusimama, atasimama. Wakimzungusha na bahasha, miezi 9 ya Ulaya itamwita."

Hakucheka wala hakulia. Alimgeukia binti yake akamwambia akalete kahawa, na mara hii aliketi vizuri kitini. Nami nilipokuwa nikirudi nyumbani nilimtungia msafiri wetu ubeti huu:

Nenda mwana mwema nenda, elimu i safarini,
Uchume ulichopenda, ukitie mkobani,
Lakini ukishapanda, usiisahau pwani,
Tezi na omo ukenda, marejeo ni ngamani.